Begi la Fremu ya Baiskeli: Kupima, Kuchagua, Kufunga na Kupakia

Begi la fremu hukaa katikati ya baiskeli, ndani ya nafasi inayozungukwa na bomba la juu, bomba la chini na bomba la siti. Wengi huiacha nafasi hiyo tupu, au huweka chupa moja ya maji, kisha mizigo yote hurundikwa kwenye keria. Ni hasara. Kitu kizito kikikaa hapo kinakuwa karibu na ekseli ya pedali, kati ya magurudumu mawili, kwa hiyo hakivuti usukani wala hakipepesuki nyuma yako unaposimama kwenye pedali kupanda mlima. Jeshi la Uswisi liliijua faida hiyo zamani: baiskeli yake ya modeli ya 1905 ilikuwa na mkoba uliokaa ndani ya fremu.

Kosa la kawaida ni kulichagua begi hili kwa lita zake, kama mtu anayenunua ndoo. Lita hazikuambii kama begi litaingia, wala kama magoti yako yatapita. Nitakaa zaidi kwenye kupima na kupakia, maana hapo ndipo begi linapokufaa au kukuudhi. Rangi na mapambo utajichagulia mwenyewe.

Itazame fremu kwanza

Fremu inayofaa zaidi ni ile ya kawaida, yenye bomba la juu lililonyooka au lenye mteremko mdogo. Kadiri bomba hilo linavyoinama kuelekea nyuma, nafasi inapungua upande wa siti. Fremu za watu wafupi hubaki na nafasi finyu, na baiskeli zisizo na bomba la juu, zile zinazopandwa bila kurusha mguu, karibu hazina nafasi kabisa. Mwenye baiskeli ya namna hiyo asijilazimishe. Keria na mabegi ya pembeni vitamtumikia vizuri zaidi.

Baiskeli yenye shokapu ya nyuma ina mtego wake. Nafasi unayoiona baiskeli ikiwa imetulia siyo utakayokuwa nayo ukigonga shimo. Kama shokapu ni ya upepo, andika kipimo chake, utoe upepo, ukandamize siti hadi mwisho na uangalie ni vipande gani vinasogea na vinafika wapi. Begi lisifike huko. Ukimaliza, jaza upepo kwa kipimo kilekile ulichoandika.

Kagua pia vitu vidogo. Nyaya za breki na giya zinapita upande gani? Kuna mkanda wa chuma kwenye bomba la siti unaoshika kibadilishi cha giya za mbele? Kuna bolti inayochomoza? Bolti moja yenye ncha hutoboa begi jipya baada ya safari chache za barabara mbovu, tena kwa ndani, mahali ambapo hutapaona mpaka vitu vianze kudondoka.

Zima au nusu

Begi zima hujaza fremu yote. Linabeba mengi, lakini linakula nafasi ya chupa, na upepo wa ubavuni unalisukuma kama ukuta mdogo. Pia huwezi tena kupitisha bega ndani ya fremu ukitaka kubeba baiskeli kwenye ngazi au kuvuka mto.

Nusu begi huning'inia chini ya bomba la juu na kuacha nafasi ya chupa moja au mbili chini yake. Kwa mtu anayeendesha kila siku na kusafiri mara mojamoja, hili ndilo ningelipendekeza bila kusita. Unabaki na chupa unazozifikia ukiwa mwendoni, unapata mahali pa vifaa na chakula, na begi likiwa jembamba unaweza kulisahau kwenye baiskeli mwaka mzima. Chupa zikibanwa na tumbo la begi, badilisha kibebeo cha chupa uweke kile kinachofunguka ubavuni, ili chupa ivutwe kando badala ya kuvutwa juu.

Begi zima linastahili pale safari inapokuwa ya siku kadhaa, maji yako yanapoweza kukaa mahali pengine (kwenye uma wa mbele, kwa mfano, au ndani ya begi lenyewe katika mfuko wa maji wenye mrija), au unapotaka kuacha keria nyumbani. Kuna na vibegi vidogo vya pembeni mwa fremu, vinavyokaa kwenye kona ya mbele au ya nyuma. Hivyo vinatosha pampu, tyubu na viraka, basi.

Panga vitu sakafuni kabla ya kwenda dukani

Tandaza chini vitu unavyokusudia kubeba, kisha uvitenge kwa swali moja: ni kizito kwa umbo lake dogo? Spana, tyubu, mnyororo wa akiba, kufuli, betri ya kuchajia simu, chakula, maji, jiko dogo: hivi ni vya fremu. Blanketi, mfuko wa kulalia, nguo na koti la baridi ni vyepesi lakini vinene. Vipeleke kwenye usukani au nyuma ya siti. Ukivisokomeza kwenye fremu, begi litafura na uzito halisi utabaki umepanda juu.

Pima pia kitu kirefu kuliko vyote. Mara nyingi huwa ni pampu au nguzo za hema zilizokunjwa. Begi la lita 6 ambalo pampu yako haiingii linakufaa kidogo kuliko la lita 4 linaloimeza yote.

Kupima kwa kadibodi

Usitegemee namba za saizi ya fremu zilizoandikwa kwenye baiskeli. Fremu mbili za saizi moja kutoka kwa watengenezaji tofauti zaweza kupishana sentimita kadhaa kwenye kona. Chukua kadibodi kubwa na kalamu.

Simamisha baiskeli wima. Weka kadibodi ubavuni mwa fremu, mtu mwingine aishike, na wewe uchore mpaka wa ndani wa mabomba kutokea upande wa pili. Kata, kisha jaribu kukitumbukiza kipande hicho ndani ya fremu. Kikikwama, punguza. Kikishaingia vizuri, kata tena sentimita moja kuzunguka pande zote. Nafasi hiyo ni ya mikanda, nyaya na unene wa kitambaa, na usiionee huruma. Begi linalobana kabisa kwenye mabomba linakwaruza rangi na halikubali kukazwa.

Kwa nusu begi, rudisha chupa zako mahali pake kwanza, kisha uchore mstari wa chini ya begi juu ya vizibo vyake. Chomoa chupa na uirudishe mara kadhaa huku kadibodi ikiwa imebandikwa kwa solotepu. Ikigusa, pandisha mstari.

Sasa unaweza kukokotoa ujazo mwenyewe. Tuseme kadibodi yako imekuwa pembetatu yenye upande wa juu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 25. Nusu ya 45 mara 25 ni sentimita za mraba kama 562. Zidisha kwa unene wa begi, tuseme sentimita 6, upate sentimita za ujazo 3,375, yaani lita 3 na ushee. Kadibodi yenye pande nne igawe pembetatu mbili, kila moja ikokotolewe peke yake. Muuzaji akikuambia begi la umbo hilohilo lina lita 7, muulize unene wake ni kiasi gani, maana hizo lita za ziada haziwezi kutoka kwingine ila kuelekea kwenye magoti yako.

Unene, na magoti yako

Hapa ndipo mabegi mengi yanapokataliwa. Kwenye baiskeli nyingi, umbali kati ya nyuso za nje za mikono miwili ya pedali ni milimita 145 hadi 180. Miguu inapita kwa nje ya hapo, lakini watu wengi wana magoti yanayoingia ndani kidogo yanapopanda juu, na mapaja ya mtu mnene yanahitaji nafasi zaidi karibu na siti. Begi la unene wa sentimita 5 hadi 6 huwafaa wengi. Likipita sentimita 7, lazima ulijaribu kabla ya kulipa.

Jaribio ni rahisi. Bandika pamoja vipande vya kadibodi au taulo lililokunjwa mpaka upate unene wa begi unalolitaka, vifunge ndani ya fremu, kisha endesha kwa dakika kumi, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Vaa suruali utakayoivaa safarini. Ukiguswa hata kidogo, usijiambie utazoea. Mguso mdogo unaorudiwa kila mzunguko wa pedali huchubua ngozi kabla siku haijaisha, na mtu huanza kupanua magoti ili kuukwepa, jambo linaloumiza viungo.

Mabegi bora huwa membamba nyuma, karibu na siti, na mapana mbele, karibu na shingo ya baiskeli, kwa kuwa mbele magoti hayafiki sana. Mengine yana ukuta wa ndani unaobandikwa kwa velkro kati ya ubavu na ubavu. Usiutoe haraka ukidhani unapoteza nafasi. Kazi yake kubwa ni kuzishika pande mbili zisifure.

Kitambaa, mishono, zipu

Vitambaa vingi ni vya nailoni au poliesta, na uzito wa uzi wake hutajwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kitambaa cha denia 1,000 ni kigumu na kizito; cha denia 400 hadi 500 kinatosha watu wengi. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kinachozuia maji ni mpako wa ndani wala si uzi. Geuza begi ulitazame ndani. Mpako unaong'aa sawasawa ni dalili njema. Unaobanduka vipande ukiukunja kwa vidole utakwisha mapema.

Mishono ikague kwenye kona na mahali mikanda inaposhonewa. Pale panataka kushonwa mara mbili au kwa kurudiarudia, kwani ndipo uzito wote unaponing'inia. Mabegi yaliyounganishwa kwa joto bila sindano huzuia maji kuliko yaliyoshonwa, ila yakipasuka fundi wa cherehani hawezi kuyasaidia, na maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Zipu ndiyo hufa kwanza. Chagua yenye meno makubwa na kitelezi kizito. Zipu zenye mpako wa mpira juu yake huzuia manyunyu, si mvua ya saa nzima, tena ni ngumu kuvuta zikishika vumbi. Mabegi yanayofungwa kwa kukunja mdomo hayana udhaifu huo, lakini kila unapotaka karanga lazima ukunjue na kukunja upya. Kwa matumizi ya kila siku nachagua zipu nzuri na mifuko ya plastiki ndani.

Kama begi lina zipu mbili, mfuko mkubwa kwa kawaida hufungukia kulia, upande wa cheni, na mwembamba kushoto. Mpangilio huo una maana: baiskeli huegemezwa ukutani upande wa kushoto ili giya zisigonge, kwa hiyo mfuko mkubwa unabaki wazi kwako.

Mabegi mengine hayana mikanda kila upande. Hufungwa kwa bolti kwenye matundu ya kibebeo cha chupa, ambayo kwa kawaida yameachana milimita 64. Yanakaa imara na hayakwaruzi fremu, ila hakikisha matundu ya baiskeli yako yako mahali ambapo begi linayatarajia.

Kulifunga

Osha fremu kwanza na uikaushe. Vumbi likinaswa chini ya mkanda linasaga rangi kama msasa, na kwenye fremu ya kaboni uharibifu haukomi kwenye rangi. Kila mahali mkanda utakapopita, bandika plastiki ngumu inayonata. Kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa na kuzungushwa kwenye bomba hufanya kazi hiyohiyo.

Ingiza begi likiwa tupu. Funga mikanda yote kwa ulegevu, kisha anza kukaza ile ya bomba la juu kutoka mbele kwenda nyuma, halafu wa shingo, halafu ya bomba la chini, na wa bomba la siti uwe wa mwisho. Ukianza kukaza chini, begi huvutika na kuacha uwazi juu, na uzito wote unabaki kwenye mikanda miwili.

Waya wa breki au wa giya usibanwe kamwe. Ukipita nje ya bomba, pitisha mkanda kati ya waya na bomba, waya ubaki huru kwa nje. Kisha jaribu: kamata breki zote mbili, badilisha giya zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Giya zikianza kurukaruka baada ya kufunga begi, usiende kwa fundi kabla hujatazama mikanda.

Velkro ina upande wa kukwaruza. Hakikisha umefunikwa wote na mwenzake wa manyoya, maana kipande kinachobaki wazi kitakula suruali au paja. Mikia ya mikanda ielekeze mbali na magoti, uikunje na kuichomeka.

Kupakia

Vilivyo vizito kabisa na visivyohitajika mara kwa mara vinatangulia chini, kwenye kona iliyo karibu na ekseli ya pedali: spana, mnyororo wa akiba, kufuli. Vyuma vifunge kwenye kitambaa. Vikiachwa huru hutoboa mifuko ya maji na kupiga kelele zinazochosha kuliko mlima. Katikati weka chakula. Juu, karibu na zipu, weka unavyovitafuta njiani: tyubu, viraka na gundi, pampu, koti jembamba la mvua.

Vitu vigumu vikae mstari wa katikati, vilaini viwe ubavuni. Kopo lililolalia ubavu hutokeza nundu, na nundu hiyo itakutana na goti.

Mfuko wa maji wa lita 2 ni kilo 2, na begi la fremu ndilo mahali pake pazuri. Usiujaze mpaka ukaze kama mpira. Toa hewa, ulaze kwa urefu, na mrija utokee kwenye tundu la mbele ukishikiliwa kwenye usukani mahali usipofikia gurudumu. Simu na betri zisikae chumba kimoja na maji hata kama mfuko ni mpya. Mafuta ya jiko nayo yakae nje ya begi, kwenye kibebeo cha chini ya bomba la chini kama kipo. Harufu yake ikishaingia kwenye chakula haitoki.

Funga zipu kwa mikono miwili: mmoja unaleta kingo pamoja, mwingine unavuta. Ikibidi utumie nguvu, toa kitu. Kilo 3 hadi 5 ni mzigo wa kutosha kwa begi zima la kawaida. Zaidi ya hapo mikanda inaanza kulegea na mishono kulalamika.

Endesha nusu saa, kisha simama ukaze mikanda tena. Mikanda ya nailoni hurefuka kidogo ikilowa, kwa hiyo baada ya mvua rudia. Tazama mikono ya pedali pia: alama mpya inayong'aa ni begi linalosuguliwa.

Mvua na vumbi

Chukulia kwamba maji yataingia. Hata begi zuri hupitisha kwenye zipu na kwenye tundu la mrija, hasa yale yanayorushwa na gurudumu la mbele kutoka chini, na matope hufanya hivyo kuliko mvua yenyewe. Kibati cha tope chini ya bomba la chini kinasaidia kuliko kubadilisha begi. Kila kisichotakiwa kulowa kiwe na mfuko wake wa plastiki unaofungwa. Jioni fungua zipu zote, toa kila kitu na uache begi wazi mahali penye hewa. Kama begi halina tundu la kutolea maji, ligeuze juu chini.

Matunzo

Lioshe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ulianike kivulini. Mashine ya kufulia na jua kali huumaliza mpako wa ndani. Kila baada ya safari yenye vumbi, piga zipu kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa kwenye meno yake na uvute kitelezi mara kadhaa. Usiweke mafuta ya cheni, yanakusanya mchanga.

Toa begi kwenye fremu mara kwa mara uangalie chini ya mikanda. Plastiki ya kukinga ikiisha, badilisha kabla rangi haijaguswa. Mshono ulioanza kufumuka ushone mapema kwa uzi wa nailoni na sindano nene. Tundu dogo kwenye kitambaa hutosheka na kiraka cha kubandika, kona zake zikiwa zimekatwa duara ili zisinase na kubanduka.

Zipu ikianza kuachia meno nyuma ya kitelezi, mara nyingi meno ni mazima. Ni kitelezi kilichopanuka. Kibane taratibu kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, kidogokidogo, ukijaribu kila unapobana. Ukizidisha kitavunjika. Kikigoma kabisa, fundi wa mabegi anaweza kukibadilisha peke yake bila kugusa zipu nzima.